KIFUSI HUFIKA WAPI? MAELEZO KUHUSU KUKADIRIA UENEAJI WA VIFUSI VYA MAJENGO YANAYOANGUSHWA NA TETEMEKO LA ARDHI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba tetemeko la ardhi lenyewe huua watu wachache sana. Kinachoua ni jengo. Ardhi hutikisika kwa sekunde chache na kutulia, lakini ukuta ulioanguka hubaki pale pale juu ya aliyekuwa chini yake, na juu ya njia ambayo ingempitisha mwokoaji. Kwa sababu hiyo, pamoja na suala la jengo gani litaanguka, kila ofisi, shehia na kaya hapana budi ijiulize suala la pili ambalo aghlabu husahauliwa: likianguka, kifusi chake kitafika wapi?

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kulijibu suala hilo kwa vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvichukua kwa kamba, kijiti na kalamu. Mifano yetu tumeiweka katika miji ya Musoma, Bunda na Butiama, Mkoa wa Mara, kwa kuwa miji hiyo mitatu inaonesha hali tatu tofauti za ujenzi zinazopatikana karibu kila mahali nchini. Hata hivyo, hesabu ni zile zile kwa mkaazi wa Mji Mkongwe, Wete au Chake Chake.

KWA NINI MKOA WA MARA

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Watu 17 walifariki dunia, mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na maelfu mengine yalipata nyufa. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato, mjini Bukoba, ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Mtikisiko huo ulisikika hadi nchi jirani.

Kabla ya siku hiyo wakaazi wengi wa Kanda ya Ziwa waliamini kuwa matetemeko ni habari ya Rukwa, Mbeya au Arusha, yaani kule lilikopita Bonde la Ufa. Imani hiyo ina ukweli wa nusu. Ziwa Victoria limekaa juu ya pande kubwa la mwamba wa kale, gumu na tulivu, lililo kati ya tawi la mashariki na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Matetemeko katika pande hilo ni machache kuliko yale ya ndani ya Bonde. Lakini mwamba mgumu una tabia moja ambayo si ya kupuuzwa: huupeleka mtikisiko mbali bila ya kuupunguza haraka. Aidha, kaskazini-mashariki mwa ziwa, upande wa Kenya, lipo bonde la ufa dogo linaloshikamana na Ghuba ya Winam, na kutoka hapo hadi Musoma si mwendo mrefu.

Vile vile aina ya ardhi hubadilisha nguvu ya mtikisiko. Nyumba iliyojengwa juu ya mawe makubwa ya matale, ambayo wenyeji wa Musoma na Butiama wanayaona kila siku, hutikisika kidogo kuliko nyumba iliyojengwa juu ya udongo laini wa kando ya ziwa au wa bonde la mto. Udongo laini na wenye maji huukuza mtikisiko. Basi nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, kwa tofali za tanuri moja, zinaweza kupata hatima mbili tofauti katika sekunde zile zile.

Wala visiwa vyetu haviko nje ya habari hii. Tarehe 12 Agosti 2020, usiku, tetemeko lililotokea chini ya Bahari ya Hindi lilisikika Dar es Salaam na Zanzibar. Tarehe 25 Disemba ya mwaka huo huo sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo halikuangushwa na tetemeko. Lakini limetuonesha sote, kwa macho yetu, kiasi cha kifusi kinachotoka katika jengo moja la mawe na chokaa, na umbali kinaoweza kuufikia.

NAMNA JENGO LINAVYOANGUKA

Mtu hawezi kukadiria kifusi kabla ya kujua namna nne ambazo majengo huanguka.

Ya kwanza ni kuanguka kwa vipande vya juu peke yake. Jengo husimama, lakini ile pembetatu ya ukuta inayobeba paa, au ukuta mfupi unaozunguka paa ili kuyaficha mabati, au tangi la maji, au kibao cha duka, hukatika na kushuka. Namna hii hutokea hata katika mtikisiko wa wastani, na humkuta mtu aliyesimama barazani akidhani amekwisha kuokoka.

Ya pili ni ukuta kulala nje. Ukuta wa tofali usiofungwa juu kwa mkanda wa zege, na usioshikana na kuta za pembeni kwenye kona, huachana na wenziwe na kulala kama mlango uliong'oka bawaba. Hii ndiyo namna ya kawaida ya nyumba za tofali za udongo na za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa tope.

Ya tatu ni jengo kushuka wima. Nguzo huvunjika, na sakafu hukaa juu ya sakafu kama chapati katika sahani. Hii ni namna ya ghorofa za zege zenye nguzo dhaifu, hasa zile ambazo chini yake kuna maduka yenye milango mipana na juu kuna vyumba vyenye kuta nzito.

Ya nne ni jengo zima kulala ubavu, jambo linalotokea pale msingi unapozama upande mmoja au nguzo za upande mmoja zinapovunjika kwanza.

KIPIMO CHA KWANZA: UMBALI

Waokoaji wa nchi nyingi hutumia kanuni moja nyepesi: eneo la hatari kuzunguka jengo ni mara moja na nusu ya urefu wa jengo kwenda juu. Maana yake ni dhahiri. Ukuta wa mita 3 ukilala nje hufunika mita 3 za ardhi. Tofali za juu, ambazo zimeshuka kwa kasi kubwa kuliko zote, hazitui pale zilipoanguka bali huruka na kubingirika. Ile nusu iliyoongezwa ni kwa ajili ya tofali hizo.

Basi nyumba ya kawaida yenye ukuta wa mita 3 inahitaji nafasi ya mita 4.5. Shule yenye ukuta wa mita 4 mpaka kwenye pembetatu ya paa inahitaji mita 6. Ghorofa moja yenye urefu wa mita 7 inahitaji mita 10.5, na ghorofa tatu zenye urefu wa mita 13 zinahitaji takriban mita 20.

Urefu wa jengo hupimwa bila ya ngazi. Asubuhi au alasiri, wakati kivuli ni kirefu, simamisha kijiti cha mita 1 juu ya ardhi tambarare na upime kivuli chake. Kisha pima kivuli cha kona ya jengo, kutoka chini ya kona hadi ncha ya kivuli, kwa kufuata uelekeo wa kivuli chenyewe. Gawanya kivuli cha jengo kwa kivuli cha kijiti. Mathalani, kijiti kikitoa kivuli cha mita 0.8, na kona ya jengo ikatoa kivuli cha mita 5.6, jengo hilo lina urefu wa mita 7. Kazi hii mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza, na ni vyema apewe.

KIPIMO CHA PILI: WINGI

Umbali humwambia mtu asimame wapi. Wingi humwambia Mkurugenzi wa Halmashauri anahitaji malori mangapi.

Ipo njia ya haraka. Zidisha urefu, upana na kimo cha jengo, kisha chukua theluthi moja. Sehemu kubwa ya jengo ni hewa, na likianguka hewa hutoka. Nyumba ya mita 12 kwa 8 yenye kimo cha mita 3 ina ujazo wa mita za ujazo 288. Theluthi yake ni mita za ujazo 96. Njia hii hufaa pale ambapo mtathmini ana mtaa mzima wa kuukadiria katika saa moja.

Ipo njia ya uangalifu zaidi. Katika nyumba ile ile, kuta za nje zina mzunguko wa mita 40, kimo cha mita 3 na unene wa mita 0.23. Hizo ni mita za ujazo 27.6. Kuta za ndani zikiwa na urefu wa mita 20 na unene wa mita 0.15 zinaongeza mita za ujazo 9. Jumla ni 36.6. Lakini tofali zilizovunjika hazilali kwa mpango. Hubakisha mianya baina yao, na rundo huwa kubwa kuliko ukuta uliolizaa, takriban mara moja na nusu. Kwa hiyo rundo litakuwa kama mita za ujazo 55.

Msomaji ataona kwamba njia ya haraka imetoa 96 na njia ya uangalifu imetoa 55. Tofauti hiyo si kosa. Theluthi imekusudiwa majengo yenye sakafu, dari, samani na kuta nyingi za ndani. Nyumba ya chini yenye paa la mabati ina vitu vichache, hivyo kifusi chake ni kidogo. Mtathmini anayejua aina ya nyumba za mtaa wake atatumia njia ya pili. Asiyejua atumie ya kwanza, kwani katika kujiandaa ni salama zaidi kukadiria zaidi kuliko kukadiria pungufu.

Sasa tuigeuze hesabu hiyo kuwa kazi. Tofali na udongo ulioshindiliwa una uzito wa takriban tani 1.7 kwa kila mita ya ujazo. Kuta za nyumba yetu zina uzito wa karibu tani 62. Lori la tani 7 litakwenda safari 9. Nyumba 50 kama hizo zikianguka katika kata moja, ni safari 450. Malori matano, kila moja likifanya safari 6 kwa siku, yatamaliza kwa siku 15. Hizo ni siku 15 baada ya tingatinga kupatikana, mafuta kupatikana na mahali pa kumwaga kupatikana. Aliye chini ya kifusi hawezi kungoja siku 15. Ndiyo maana hesabu ya wingi haifanywi ili kuondoa kifusi chote, bali ili kujua kipi kiondolewe kwanza.

KIPIMO CHA TATU: NJIA

Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, tetemeko liliupiga mji wa Kobe nchini Japani na kuua zaidi ya watu 6,000. Wataalamu waliopita mitaani baada ya hapo waligundua jambo ambalo tangu wakati huo limeingia katika mipango ya miji. Njia zenye upana wa chini ya mita 4 nyingi zilifungwa kabisa na vifusi vya nyumba za pande zote mbili. Njia zenye upana wa zaidi ya mita 8 nyingi zilibaki zikipitika. Baina ya vipimo hivyo viwili, jambo lilitegemea urefu wa majengo na umbali wake kutoka barabarani.

Tuchukue mfano wa mtaa wa mjini Musoma. Mji huo umejengwa juu ya ulimi wa ardhi unaoingia ziwani, kwa hiyo njia za kutokea si nyingi. Maji yako pande tatu. Tuseme jengo la ghorofa moja, lenye urefu wa mita 7, upana wa mita 10 kwa upande wa mtaa na kina cha mita 8, limesimama mita 2 kutoka ukingoni mwa barabara yenye upana wa mita 6.

Jengo hilo likishuka wima, ujazo wake ni mita za ujazo 560, na kifusi ni kama 187. Kikikaa chote ndani ya kiwanja chake cha mita za mraba 80, kitakuwa na kimo cha mita 2.3. Lakini rundo halisimami wima pembeni. Huteremka kama rundo la mchanga, na kingo zake zitatoka nje ya kiwanja kwa kiasi cha mita 1.5 mpaka 3. Barabara itapoteza mita 1 kwa makadirio mabaya. Gari la wagonjwa litapita.

Jengo hilo hilo, ukuta wake wa mbele ukilala nje, utafunika mita 7. Mita 2 ni za uwanja wake, 5 ni za barabara. Itabaki mita 1. Atapita mtu wa miguu, na pengine baiskeli. Ongeza tofali zilizobingirika, na kipimo chetu cha mita 10.5 kinavuka barabara nzima na kuingia katika baraza ya jirani anayetazamana nalo. Jengo ni moja na barabara ni moja. Tofauti ni namna ya kuanguka. Kwa hiyo mkanda wa zege unaozifunga kuta pale juu humlinda mwenye nyumba, na pia humlinda mgonjwa asiyemjua, aliye mtaa wa tatu, anayesubiri gari.

Hali ya Bunda ni nyingine. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma hupita katikati ya mji, na kutoka hapo hutoka njia ya Kisorya iendayo Ukerewe. Barabara kuu ni pana, na kwa kanuni ya Kobe ingetarajiwa kupitika. Lakini upana wa barabara ni ule uliobaki wazi. Vibanda, mbao za matangazo, mizigo iliyopangwa nje na magari yaliyoegeshwa vikiondoa mita 2 kila upande, barabara ya mita 10 imekuwa ya mita 6 kabla ya tofali moja kuanguka. Hifadhi ya barabara, ambayo wananchi wengi huiona ni ardhi iliyolala bure, ndiyo nafasi ya kifusi siku hiyo.

Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ni sura ya tatu. Nyumba nyingi zimeachana, na viwanja ni vikubwa. Kifusi cha nyumba moja si rahisi kuifunga njia. Hatari ya hapo iko ndani ya ua: jiko lililoegemea ukuta wa nyumba, mkeka wa watoto uliotandikwa chini ya pembetatu ya paa, tangi la maji juu ya mnara wa tofali. Tena palipo na mawe makubwa juu ya mteremko, jiwe linaloyumba lihesabiwe kuwa ni jengo, na njia ya mteremko wake ihesabiwe kuwa ni eneo la kifusi.

KUHESABU UWEZEKANO WA NJIA KUPITIKA

Si kila nyumba huanguka. Hata hivyo, njia hufungwa na nyumba moja tu. Tuseme njia ya kwenda hospitali inapita mbele ya majengo 10, na kila moja lina uwezekano wa 1 kwa 10 wa kuanguka barabarani. Wengi watasema njia hiyo ni salama kwa asilimia 90. Sivyo. Ili gari lipite, lazima yote 10 yasimame, na uwezekano huo ni 0.9 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi, yaani karibu asilimia 35. Njia nyingine, ndefu kwa kilomita mbili, yenye majengo 2 tu ya aina hiyo, ina uwezekano wa asilimia 81.

Hesabu hii inachukulia kwamba kila jengo lina bahati yake peke yake. Katika hali halisi majengo ya mtaa mmoja, ya fundi mmoja na ya udongo mmoja, huanguka pamoja au husimama pamoja. Kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kuwa ni utabiri. Zinatumika kulinganisha njia mbili, na kwa kazi hiyo zinatosha. Funzo lake ni kwamba njia fupi si lazima iwe ndiyo njia ya kufika, na kwamba njia ya pili ichaguliwe, ipimwe na ijulikane na madereva kabla ya siku ya kuihitaji.

YANAYOPASA KUFANYWA NA OFISI

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 kwa upande wa Tanzania Bara imeweka kamati za maafa katika ngazi mbalimbali za utawala, na kwa upande wa Zanzibar ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kamati zikikaa, zinashauriwa kuwa na ramani moja ya mtaa au shehia yenye mambo manne: urefu wa kila jengo lililo kando ya njia kuu, upana wa njia uliobaki wazi, njia mbili, si moja, za kufika hospitali, na mahali pa kumwaga vifusi.

Jambo la mwisho lisidharauliwe. Kwa mji ulio kando ya ziwa au bahari, kishawishi cha kwanza ni kusukuma vifusi majini. Jambo hilo huharibu mazalio ya samaki na diko la wavuvi, na huondoa tofali na mawe ambayo yangejenga tena. Vifusi vya majengo ya zamani yaliyoezekwa kwa vigae vya asbesto vitengwe na vimwagiwe maji, wala visivunjwe, kwani vumbi lake huingia mapafuni na kudhuru baada ya miaka mingi.

Wakuu wa shule wahakikishe kuwa mahali pa kukusanyika wanafunzi pako nje ya mara moja na nusu ya urefu wa jengo lililo karibu zaidi, na kwamba njia ya kufika hapo haipiti chini ya ukuta mrefu. Mstari wa mchanga mweupe au wa mawe madogo yaliyopakwa chokaa unatosha kuonesha mpaka. Mtoto aliyezoea kusimama nje ya mstari kila Ijumaa hatahitaji kuelezwa siku ya tetemeko.

YANAYOPASA KUFANYWA NA KAYA

Kwanza, mwenye nyumba apime ukuta wake na aweke alama ya umbali wa hatari uani. Pili, vitanda visipangwe chini ya pembetatu ya ukuta isiyofungwa, wala karibu na ukuta wenye ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili asiyeziba ufa huenda asibaki wa kuujenga. Tatu, anayejenga sasa ahakikishe kona zimeshikana, mkanda wa zege umezunguka nyumba nzima juu ya madirisha, na paa limefungwa kwenye mkanda huo. 

Mtikisiko ukianza, aliye ndani ya jengo imara la zege ainame, ajifiche chini ya meza madhubuti na aishikilie hadi mtikisiko uishe. Aliye mlangoni mwa nyumba ya tofali za udongo, na nje pako wazi, atoke na aendelee kwenda. Kosa kubwa ni kutoka na kusimama chini ya upenu. Pale ndipo tofali za kwanza zinapotua. Aliye nje asirudi ndani, na asikaribie ukuta uliobaki umesimama, kwa kuwa mitikisiko midogo hufuata ule mkubwa, na ukuta uliolegea huihitaji mmoja tu.

Baada ya hapo majirani wahesabiane. Katika matetemeko mengi duniani, waliotolewa hai chini ya vifusi wengi wao walitolewa na jamaa na majirani katika saa za mwanzo, kabla ya vikosi kufika. Anayejua kwamba jirani yake hulala chumba cha nyuma, na kwamba ukuta wa nyuma umelala nje si ndani, anajua pa kuchimba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania Bara hupatikana kwa simu namba 114.

HITIMISHO

Tetemeko halitoi taarifa, na hakuna chombo duniani kinachoweza kutaja siku na saa yake. Lakini kifusi chake kinaweza kupimwa leo, mchana, jengo likiwa bado limesimama na watu wote wakiwa hai. Urefu wa ukuta unajulikana. Upana wa njia unajulikana. Kinachobaki ni mtu wa kushika kamba upande mmoja, na mwingine upande wa pili. Wananchi na watumishi wa Serikali wanaombwa kuifanya kazi hiyo katika mitaa, shule na ofisi zao, na kuwasilisha vipimo vyao kwa sheha au mtendaji wa kata wa eneo lao, ili viwekwe mahali vitakapopatikana siku vitakapohitajika.